MVUVI MMOJA, ZIWA LA WENGI

Juma lililopita tulizungumza habari za ghala na wadudu waharibuo mahindi. Juma hili nawaomba mwache jembe na kalamu kwa muda wa asubuhi moja tu, twende mtoni. Maneno yangu yanamhusu hasa mtu apendaye kuvua peke yake, kwa ndoana moja na mshipi mmoja, bila mwenziwe. Mtu wa namna hiyo hudhani ya kuwa shughuli yake ni ndogo, wala haimpunguzii mtu mwingine kitu. Tutazame kama ni kweli.

Mto wetu ni Malewa. Chanzo chake ni katika milima ya Nyandarua. Hupita penye nchi ya wakulima wa Kinangop, hupokea maji ya Turasha, kisha huteremka mpaka Ziwa Naivasha. Sehemu kubwa ya maji yote ya mito iingiayo katika ziwa hilo huletwa na Malewa. Huko juu kwenye baridi wamo samaki waitwao trauti, na huku chini, maji yanapopunguza mwendo, wamo karpi, perege, na yule ambaye Waingereza humwita black bass. Nasi tumwite besi.

Huko Marekani wako watu wengi wapendao kwenda mtoni alfajiri, kila mtu peke yake, kumtafuta samaki bapa mwenye madoadoa aitwaye krapi. Krapi hayumo katika Malewa, lakini jamaa yake yumo, maana besi na krapi ni wa ukoo mmoja. Besi alitolewa Marekani akatiwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1929, ili wageni wapate mchezo wa kuvua. Basi Mwafrika aketiye kando ya Malewa na ufito wake yuko karibu na yule Mmarekani kuliko adhaniavyo.

Jumamosi moja niliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Nilimwambia mke wangu mahali niendako na saa nitakayorudi, maana aendaye peke yake asipoaga, akipatwa na jambo hakuna ajuaye pa kumtafuta. Kibali changu cha kuvua kilikuwa mfukoni. Nilikuwa nimekwisha waulizia wazee wa kikundi cha wavuvi ni wapi panaporuhusiwa, kwa sababu mahali mto unapoingia ziwani ni mahali pa kuzalia samaki, wala hapavuliwi. Nikaenda juu zaidi, mbali na mdomo wa mto.

Sikushuka majini mara moja. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na alfajiri hurudi. Amkutaye mtu amesimama kati yake na maji humwona kuwa ni adui aliyemzibia njia ya nyumbani kwake. Kwa hiyo nilingoja juu ya ukingo, mbali na njia pana zilizokanyagwa katika mafunjo, mpaka kulipokucha sawasawa nikaweza kuona pande zote. Kungoja huko hakukuwa hasara. Ukungu ulikuwa ukipanda taratibu, furukombe akalia juu ya mgunga, na mto ukasikika kama mtu asemaye peke yake.

Jua lilipotoka nilitia mnyoo katika ndoana nikautupa penye kidimbwi kilichotulia nyuma ya jiwe kubwa. Haukupita muda, chelezo kikazama ghafula, na mshipi ukakaza. Nikamvuta samaki polepole mpaka pwani. Alikuwa besi dume, mnene, kama kilo moja na nusu hivi. Kitoweo cha jioni kwa watu wote wa nyumbani, na kingebaki cha asubuhi.

Lakini maji yalikuwa meupe, nami nikaona pale alipotoka. Chini penye changarawe palikuwa na mviringo uliosafishwa, mpana kama ungo. Hicho ni kiota. Dume la besi hulifagia kwa mkia wake mpaka changarawe ing'ae. Jike huja likataga, kisha huenda zake. Baba ndiye abakiye. Huyapepea mayai kwa mapezi yake, na hata watoto wakiisha kuanguliwa huwalinda kwa siku kadhaa. Kila kinachokaribia hukiuma, si kwa njaa, bali kwa ulinzi. Ndiyo sababu samaki wa kiota hukamatika kwa urahisi sana: hakuuma mnyoo wangu ili ale, aliuuma ili aufukuze.

Basi nilikuwa na samaki mkononi, na mto mzima haukuwa na mtu. Hapakuwa na askari wa uvuvi, wala mzee wa kikundi, wala jirani wa kuniona. Nyumbani walikuwa wakinitazamia. Moyo wa mtu katika saa kama hiyo huwa hodari wa kutafuta hoja: samaki ni mmoja tu, ziwa ni kubwa, nisipomla mimi atamla furukombe. Hoja hizo si uwongo. Lakini samaki huyo akiondolewa, wadogo wenye njaa huja wakayala mayai yote mara moja. Amchukuaye mmoja huyo huchukua pamoja naye maelfu asiowaona.

Nililowesha mikono yangu, kwa kuwa mkono mkavu humwondolea samaki ute unaomkinga na maradhi, nikaichomoa ndoana upesi, nikamrudisha majini. Alikaa kidogo akipumua, kisha akarudi moja kwa moja katika mviringo wake. Mimi nikafungasha vyombo vyangu nikahamia mbali, maana si haki kumrudisha mtu nyumbani kwake kisha ukaendelea kumbishia hodi. Huko nilikokwenda nilipata karpi wawili wa kiasi. Hao nilikwenda nao nyumbani bila wasiwasi, kwa sababu karpi ni wengi mno katika maji yale.

Na hapo ndipo yalipo maneno makubwa ya leo. Hao karpi walitoka wapi? Hawakuwamo tangu zamani. Walianza kuonekana ziwani katika miaka ya mwanzo ya karne hii, na wataalamu hudhani ya kuwa waliteremka kwa mto kutoka katika mabwawa ya kufugia samaki huko juu. Ilipofika mwaka 2010 walikuwa wamekuwa sehemu iliyo kubwa kabisa ya samaki waliovuliwa Naivasha. Karpi huchimbua tope akitafuta chakula, na maji huchafuka. Kabla yao, mwaka 1970, waliletwa kamba wa maji baridi, wenye asili ya Marekani, nao wakazila mimea ya majini kwa wingi. Tena kabla ya wageni hawa wote kulikuwamo kisamaki kimoja tu cha asili, kidogo kama kidole. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa mwaka 1962. Inasadikiwa ya kuwa besi ndiye aliyekimaliza.

Sisemi haya ili kumlaumu karpi wala besi. Familia nyingi hupata riziki kwao. Nasema ili tujue ya kuwa ndoo moja ya samaki hai yaweza kugeuza ziwa lote. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini tukumbuke pia ya kuwa haba na haba hukimaliza kibaba. Mwaka 2001 uvuvi ulifungwa Naivasha kwa sababu samaki walikuwa wamepungua kupita kiasi, na aliyekuwa akivua wawili na aliyekuwa akivua mia wakakaa nyumbani wote sawasawa.

Kwa hiyo wewe mkulima uliye na bwawa shambani Kinangop, Gilgil au Njoro, usichukue samaki hai wa mtoni ukawatie humo kwa siri. Bwawa likifurika wakati wa mvua, samaki wako watakuwa samaki wa kila mtu. Nenda kwanza kwa afisa wa uvuvi akushauri aina ifaayo na mahali pa kupata vitoto vyake. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 yakutaka upate idhini. Nawe karani upendaye kupumzika kando ya mto, chambo chako kilichosalia usikimwage majini. Kizike nchi kavu. Samaki mdogo mrudishe. Samaki wa kiota mwache alee. Mwenye wingi mchukue, ukamle kwa furaha.

Mtu avuaye mbele ya wenzake hushika sheria kwa kuwaogopa wenzake. Avuaye peke yake hana wa kumwogopa, kwa hiyo huonekana alivyo. Haifai tungoje serikali iweke askari nyuma ya kila jiwe la Malewa; haitaweza, na hata ikiweza, askari naye atahitaji kulala. Kila mvuvi na awe askari wake mwenyewe, ndipo watoto wetu nao watakapokuwa na sababu ya kuamka alfajiri.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza habari za kutunza ukingo wa mto usimomonyoke, na miti ifaayo kupandwa hapo.