Zao Halingoji Behewa

Mazao ya shamba si kama mawe ya kujengea. Jiwe likikosa gari leo litapakiwa kesho, wala halitapungua kitu. Lakini zabibu au majani ya saladi yakisha kukatwa, kila saa ipitayo juani huyapunguzia thamani. Mkulima aliyepalilia na kumwagilia maji kwa miezi kadhaa aweza kupoteza jasho lake lote kwa siku chache, si kwa nzige wala kwa ukame, bali kwa kukosa behewa.

Jambo hili walilijua sana wakulima wa California, katika Marekani, ambao wengi wa wanunuzi wao walikaa New York na miji mingine ya mashariki, mwendo wa maili 3,000 hivi. Mwaka 1906 kampuni mbili za reli, Union Pacific na Southern Pacific, ziliungana kuanzisha kampuni ya tatu, Pacific Fruit Express, ili itoe mabehewa ya baridi. Ilianza kazi mwaka 1907 ikiwa na mabehewa 6,600 hivi.

Kila behewa lilikuwa na kuta nene za kuzuia joto, na katika ncha zake mbili palikuwa na vyumba vya barafu, vilivyojazwa kwa matundu ya juu ya paa. Barafu iliyeyuka njiani, hivyo treni ilisimama katika vituo maalumu ili itiwe nyingine.

Walakini kazi ngumu zaidi ilikuwa kulifikisha behewa tupu mahali pa kupakia kabla mavuno hayajaanza. Neema ilikuwa kwamba mavuno hayakuja pamoja: saladi ya bonde la Imperial ilikatwa wakati wa baridi, ile ya Salinas wakati wa joto, na viazi vya Idaho vilichimbwa baadaye. Behewa moja likawahudumia wengi kwa zamu.

Baadaye mitambo ya kupozea ilichukua mahali pa barafu, na mwaka 1978 kampuni hiyo iligawanywa baina ya wenyewe. Lakini fundisho lingaliko. Hesabu ya mabehewa hufanywa zao likiwa bado shambani, na mkulima hana budi kusema kweli. Aombaye mabehewa kumi hali sita yamtosha, amemwozeshea jirani yake mazao ya mabehewa manne.