Mke wa nikaha na hati ya shamba

Mafuriko na maporomoko ya Mei 2023 yaliua watu zaidi ya 130 nchini mwetu, wengi magharibi na kaskazini. Tunahimizwa kutengeneza matuta na kupanda miti vilimani. Sawa, lakini mshika jembe mara nyingi ni mama, na mti huchukua miaka. Ataupandaje kwenye ardhi anayoweza kufukuzwa kesho?

Tangu 1999 sheria inamlinda mke katika mali ya ndoa, ila yule aliyesajiliwa. Wa nikaha peke yake hamo. Ndugu zangu wenye mashamba, mpelekeni mama watoto sekta, mkasajili ndoa, jina lake liingie kwenye hati.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kizungu. Hao Waingereza walimpa mke haki kamili ya mali yake mwaka 1882. Aya ya 7 ya Surat An-Nisaa ilikwishashuka karne kumi na mbili kabla.