Lisemwalo huenda halipo

Binti yangu wa miaka tisa alirudi na hela mkononi. Nilikuwa nimemtuma mafuta ya kupima kwenye duka jipya, nyumba ya tatu kutoka kwetu hapa Wazo.

"Mama, sijanunua. Mafuta ya yule kaka yananuka mafuta ya taa."

Nikamuuliza nani kamwambia. Akanishangaa. "Si wewe ulimwambia mama jirani? Hata shuleni wenzangu wanajua."

Mzazi mwenzangu, niliishiwa nguvu. Ni kweli nilisema. Jioni moja tumekaa barazani tunachambua mchele, nikasema mafuta ya pale yalininukia vibaya. Nilichokuja kukumbuka baadaye ni kwamba chupa ilikuwa yangu, na niliwahi kuwekea mafuta ya taa. Lakini sikurudi barazani kusema hilo.

Nikakumbuka kitabu nilichowahi kukisoma kwa Kiingereza, cha mwandishi wa Kicheki anayeitwa Jan Neruda. Alizaliwa mwaka 1834 katika mji wa Prague, akakulia mtaa wa zamani uitwao Malá Strana, ambako wazazi wake walikuwa na kiduka. Mwaka 1878 alitoa mkusanyiko wa hadithi fupi kuhusu mtaa huo: wapangaji, wenye nyumba, wauza duka, ombaomba, na majirani wanaochunguliana dirishani. Nyumba za kule zilijulikana kwa alama zilizochorwa mlangoni. Aliyoishi yeye iliitwa Jua Mbili. Sisi huku tunaelekezana "shuka Tegeta kwa Ndevu", kwa hiyo sikuona ugeni.

Hadithi moja inamhusu bwana Vorel, mgeni aliyefungua duka la unga na nafaka mahali ambapo hapakuwahi kuwa na duka. Wenyeji hawakupenda. Siku ya kwanza alikaa akivuta kiko chake kipya, akisubiri wateja. Akaingia dada mmoja, akanunua, akatoka, akamwambia jirani kwamba duka zima linanuka moshi. Kesho yake mtaa mzima ukawa unasema unga wa Vorel unanuka moshi. Wateja wakakata mguu. Vorel, kwa kukosa la kufanya, akazidi kuvuta. Mwisho kodi ikamshinda, akakutwa amejinyonga. Kiko chake kilikuwa kimeiva vizuri, hata askari akakisifia.

Hadithi nyingine ni ya mzee ombaomba aliyependwa na kila nyumba. Mwanamke mmoja akazusha kwamba mzee huyo ni tajiri, ana nyumba mbili ng'ambo ya mto. Hakuna aliyekwenda kuziangalia nyumba hizo. Watu wakaacha tu kumpa. Asubuhi moja ya baridi kali akakutwa amekufa kwa kuganda.

Kinachoniuma katika hadithi hizi ni kwamba mtaa ule haukujaa watu wabaya. Kila mmoja alisema neno dogo, akaenda zake kupika.

Sisi tuna methali tunayopenda kujifichia: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mafuta ya taa hayakuwepo katika duka la yule kijana. Kilichokuja ni hasara.

Na Wazo yetu ni ya wageni. Kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji mwaka 1966, na tangu hapo kila mwaka kuna anayehamia na godoro na ndoo zake. Wengi wetu tulikuja hapa hatujui mtu. Aliyefungua duka leo huenda amechukua mkopo wa kikoba, na marejesho hayasubiri umbea upoe.

Jioni ile nilimshika binti mkono tukaenda dukani. Nikamwambia yule kijana, mtoto akisikia: "Kaka, nilisema vibaya juu ya mafuta yako. Kosa lilikuwa la chupa yangu. Naomba unisamehe." Alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Sasa nimeelewa kwa nini watu wanapita tu." Akanipimia nusu lita.

Kazi ngumu ilikuwa barazani. Kusema uzushi kulinichukua dakika moja. Kuufuta nimezunguka nyumba sita, na wapo walionijibu kwa kucheka tu. Duka bado liko wazi, ila rafu zimepungua bidhaa. Sijui kama nimewahi au nimechelewa.

Nyumbani tumekubaliana jambo moja. Anayeleta habari ya mtu anaulizwa: umeona mwenyewe, au umesikia? Kama amesikia, habari inaishia mezani. Binti ameanza kuniuliza mimi, tena mbele ya wageni. Naona aibu, lakini najibu.

Usiku namsimulia hadithi za Malá Strana kwa maneno yangu, nikiruka sehemu zisizomfaa umri wake. Juzi nilipofika kwa bwana Vorel akanikatisha: "Mama, kwani hapakuwa na mtu hata mmoja wa kwenda kunusa unga wenyewe?"

Hapakuwa na mtu. Wewe mtaani kwako, nani anasemwa wiki hii? Kabla hujamtuma mtoto duka la mbali, nenda kanuse mwenyewe.