Tumbo Likivimba, Tusimtafute Mchawi



Hapa Dilala, kama katika mitaa mingine ya Kolwezi, uko ugonjwa ambao watu huuogopa kwa jina lisilo lake. Baba wa watoto aanza kukonda. Chakula chamkinai baada ya matonge mawili. Upande wa kuume, chini ya mbavu, wamwuma; macho yageuka manjano; mwishowe tumbo lajaa maji na kuvimba, huku mikono imebaki mifupa mitupu. Baada ya miezi michache twamzika. Na kabla udongo haujakauka juu ya kaburi, ukoo umekwisha kukaa barazani: ni nani aliyempa sumu? Mara nyingi neno humwangukia mjane, au mzee asiye na mtetezi, na nyumba iliyopotewa na baba yavunjwa mara ya pili.

Hatusemi kwamba kila tumbo lililovimba lina sababu moja. Moyo, figo na kifua kikuu vyaweza kulivimbisha, na kuvipambanua ni kazi ya mganga wa hospitali. Wengine hulaumu vumbi la migodi kwa kila ugonjwa wa mji huu. Vumbi lina kesi yake, wala hatulitetei. Lakini tusilitwike kesi ya mwingine. Saratani ya ini, ambayo ndiyo tunayoisema leo, sababu yake kubwa katika Afrika yajulikana, nayo ina chanjo na kipimo.

Sababu hiyo ni virusi vya homa ya ini ya aina ya B, vijidudu vidogo mno vikaavyo katika damu na maji ya mwili. Mtaalamu Mmarekani Baruch Blumberg aliigundua alama yake katika damu katika miaka ya 1960, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Mtu mzima akiambukizwa, kwa kawaida mwili wake huvishinda. Katika watu 20 hapatikani hata mmoja anayebaki navyo daima. Lakini mtoto mchanga akivipata kwa mama yake wakati wa kuzaliwa, watoto 9 katika 10 hubaki navyo. Mtoto huyo anyonya vizuri, aenda shule, apokea Kipaimara, afunga ndoa. Miaka 30 au 40 virusi vyalila ini lake kimyakimya, mpaka lajaa makovu, na saratani yaota humo. Ukoo wamtafuta mtu aliyekula na marehemu mwezi uliopita, kumbe jambo lilianza siku aliyozaliwa!

Chanjo ya kuzuia ugonjwa huu yapatikana tangu mwaka 1981. Kisiwa cha Taiwan kilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na baada ya miaka kumi hivi saratani ya ini katika watoto wa huko ilikuwa imepungua karibu nusu. Nchi yetu iliiingiza katika chanjo za watoto mwaka 2007, nayo hutolewa katika sindano ya mchanganyiko mtoto akitimiza majuma 6, 10 na 14. Mama aliyempeleka mtoto wake mara zote 3, akiacha soko na shamba, ametenda kazi kubwa, nasi twamsifu.

Walakini liko neno ambalo hatuna budi kulisema waziwazi. Majuma 6 ni marefu. Virusi vya mama havingoji kadi ya chanjo. Ndiyo maana Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri mwaka 2009 kwamba kila mtoto mchanga apewe dozi ya kwanza katika saa 24 baada ya kuzaliwa. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2024 ilionyesha kuwa katika watu 100 wanaoambukizwa upya ulimwenguni, 63 ni wa kanda yake ya Afrika. Na katika kanda hiyohiyo ni watoto 18 tu katika 100 wanaopata dozi ya siku ya kuzaliwa. Ni vigumu kusoma hesabu hizo mbili pamoja bila uchungu.

Wako wasemao kwamba jambo hilo haliwezekani katika Kongo. Lilikwisha kujaribiwa Kinshasa. Kati ya Septemba 2018 na Februari 2019, katika nyumba za wazazi za Binza na Kingasani, wanawake wajawazito 4,016 walipimwa, na 109 walikutwa na virusi hivyo. Walioingia katika uchunguzi walitunzwa kwa njia zilezile zilizokuwapo tayari kwa kuwakinga watoto na ukimwi. Wenye virusi vingi walipewa vidonge vya tenofoviri, na watoto walichanjwa mapema. Miezi 6 baadaye, katika watoto waliopimwa, hakupatikana hata mmoja mwenye virusi. Basi mama mjamzito aendapo kupimwa damu, aulize: je, kipimo cha homa ya ini kimo? Na chanjo ya siku ya kwanza, yapatikana wapi? Swali likiulizwa na mama mmoja hupita kama upepo. Likiulizwa na akina mama wa parokia nzima, hufika kwa wakubwa wa afya.

Lugha yetu ina neno moja, kuchanja, kwa sindano ya muuguzi na kwa wembe wa mganga wa kienyeji. Tofauti yake ni kubwa. Virusi hivi huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, na wembe mmoja unaowachanja chale watoto watano waweza kuupeleka ugonjwa wa mmoja kwa wanne. Kadhalika wembe wa kinyozi, na sindano isiyo safi.

Iko sumu nyingine, nayo yakaa ndani ya gunia. Mahindi na karanga zisizokauka vema huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi mabovu, na 125 wakafa. Hao walikula sumu nyingi kwa mara moja. Anayekula kidogo kidogo miaka mingi, naye ana virusi, hatari yake ya saratani huzidi mno. Kupika bukari hakuiondoi. Wazee wakumbuka posho ya Union Minière. Leo kila mama ajinunulia mahindi yake, naye ndiye mkaguzi. Ayaanike juu ya turubai, si juu ya udongo. Ayachague moja moja kabla ya kusagisha. Gunia alipandishe juu ya mbao. Yaliyooza yasigeuzwe chakula cha kuku wala pombe. Juu ya lutuku hatuna maneno mengi: hulidhuru ini hata bila virusi.

Na mtu mzima aliyezaliwa kabla ya 2007? Apimwe. Ni tone la damu. Akikutwa na virusi, hajahukumiwa kufa, wala hana saratani kwa sababu hiyo tu; atachunguzwa ini, na mwenye kuhitaji dawa atapewa tenofoviri. Walio katika hatari kubwa hupigwa picha ya tumbo kwa ekografia kila miezi 6, ili uvimbe uonekane ungali mdogo. Twajua kuwa picha hiyo ni ghali kwa mchimbaji wa mkono. Serikali inayowaambia watu wapimwe, kisha ikawaachia gharama yote, imefanya nusu ya kazi.

Mwenye virusi asitengwe. Hawaambukizi wenzake kwa sahani, kwa kushikana mikono wala kwa kukohoa. Mama aweza kumnyonyesha mtoto wake.

Vijana wachumba wengi hutuuliza kama mmoja akiwa navyo ndoa yafaa kuvunjwa. La, hasha. Mwenzake apimwe, na akiwa salama apewe chanjo: dozi ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu katika mwezi wa 6. Waanze mapema, maana matangazo ya ndoa husomwa Jumapili 3 tu.