Mahindi yanayokataliwa yaishie wapi?

Mavuno yanapoingia katika masoko ya nafaka kama Kibaigwa, mkoani Dodoma, mnunuzi huangalia uzito wa gunia na sura ya punje. Sumukuvu haionekani kwa macho wala haisomeki kwenye mizani, kwa hiyo haimo katika bei. Hapo ndipo udhibiti wa usalama wa chakula unapoanza kukwama.

Madhara yake yanajulikana. Mwaka 2016 sumu hiyo, itokanayo na ukungu wa nafaka, iliwapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Machi 2021 ilikuwa zamu ya wafanyabiashara, pale Kenya ilipopiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda. Siku chache baadaye marufuku iliondolewa, kwa sharti kwamba shehena iwe na cheti kuonyesha sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Kiwango hicho ndicho cha Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Sharti hilo ni la haki, lakini linaacha swali moja. Shehena ikikataliwa, inakwenda wapi? Mwenye mali amekwishalipa mkulima, magunia na lori, na si rahisi aimwage kwa hiari yake. Atashusha bei na kumtafuta mnunuzi asiyeuliza cheti. Mnunuzi huyo anaweza kuwa msagishaji wa mtaani, au mtengenezaji wa chakula cha kuku na ng'ombe.

Wapo wanaodhani kwamba hasara ikifika zizini imekwisha. Sivyo. Ng'ombe wa maziwa akila sumukuvu, sehemu yake hutoka katika maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Anayekunywa ni mtoto.

Marekani imeweka viwango kwa kila mlaji. Binadamu, ng'ombe wa maziwa, mbwa na paka wamewekewa kikomo cha sehemu 20 kwa bilioni, wakati ng'ombe wa nyama anayenoneshwa huruhusiwa mahindi ya hadi sehemu 300. Kwa hiyo mahindi yenye kasoro yana soko halali. Hata hivyo, mwishoni mwa 2020 chakula cha mbwa chenye sumukuvu kilipita kiwandani huko huko, na kufikia Januari 2021 vifo vya mbwa zaidi ya 110 vilikuwa vimeripotiwa. Kiwango bila upimaji ni karatasi tu.

Hapa Tanzania, usimamizi wa chakula cha binadamu ulihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019. Vyakula vya mifugo vina sheria yake ya mwaka 2010, iliyo chini ya wizara inayohusika na mifugo. Gunia lililokataliwa katika mlango mmoja laweza kuingia kwa mwingine bila taarifa kulifuata.

Serikali haina budi kuunganisha milango hiyo. Kila shehena inayokataliwa ipewe hati inayotaja tani zake na mahali inapokwenda, na nakala ifike pande zote mbili. Isiyofaa hata kwa mifugo iteketezwe mbele ya mkaguzi.

Wafanyabiashara wadogo hulalamika kwamba upimaji ni mzigo kwao, na wana hoja. Ndiyo maana kazi ianzie panapogharimu kidogo. Kiwango cha Jumuiya kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Kipima unyevu hakionyeshi sumukuvu, lakini huonyesha mahindi ambayo ukungu utayashambulia ghalani. Halmashauri zinazokusanya ushuru sokoni zikiweka kifaa hicho kando ya mizani, mnunuzi atakuwa na sababu ya kulipa zaidi kwa mahindi makavu.

Mkulima anayelipwa sawa na jirani yake aliyeuza mahindi mabichi hana sababu ya kununua turubai la kuanikia. Bei ikimpa sababu hiyo, mkaguzi wa mpakani atabaki na machache ya kukataa.