Mchango Utume kwa Simu, Mikono Uilete Mwenyewe

Zamani faini ya kukosa mkutano wa kikundi ilikuwa na uchungu wake. Uliilipa wiki iliyofuata mbele ya wenzako, noti mkononi, huku mwenyekiti akikuuliza ulikuwa wapi. Siku hizi unaituma ukiwa jikoni kwako. Sh50, PIN, imeenda. Katibu anapata ujumbe, anaandika "amelipa", mambo yameisha. Mwezi unapoisha mwanachama hana deni hata la bob moja, na hakuna aliyemwona.

Kwa chama cha kuweka akiba peke yake, hiyo si shida kubwa. Mia mbili ni mia mbili, hata kama mwenyewe yuko Mombasa. Lakini kwa kikundi kinachotengeneza kitu cha kuuza, kutuma pesa na kutokuja kunaweza kukiua kikundi polepole huku vitabu vikionyesha kila kitu kiko sawa. Sisi kazi yetu ni kukurahisishia malipo, na bado tunasema: pesa itumwe, lakini mtu aje.

Tuchukue mfano wa kikundi cha kina mama wanaotengeneza felti.

Kazi isiyokubali mtu mmoja

Felti ni kitambaa kizito cha sufu ya kondoo ambacho hakisokotwi wala hakifumwi. Unywele wa kondoo una magamba madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Ukiulowesha kwa maji moto na sabuni, kisha uusugue, magamba hayo hushikana na hayaachani tena. Ndiyo maana sweta ya sufu ikifuliwa vibaya inarudi ndogo na ngumu. Mtengeneza felti anafanya hivyo kwa makusudi.

Kueleza ni rahisi, kazi yenyewe ni ndefu. Sufu inachambuliwa, inaoshwa ili mafuta na uchafu utoke, inaanikwa, inachanwa. Halafu inapangwa matabaka membamba, moja likilala hivi na linalofuata likikata upande wa pili. Inanyunyiziwa maji moto ya sabuni, inafunikwa kwa neti, inasuguliwa kwa viganja, kisha inaviringishwa ndani ya mkeka na kusukumwa mbele na nyuma mara mamia. Inapoiva imepungua karibu theluthi moja ya ukubwa wake. Kofia, slipa za nyumbani, mikoba na mazulia yote yanapitia hapo.

Sasa fikiria zulia. Mmoja anaweka maji jikoni yasipoe, wawili wanapanga sufu, wanne wanaviringisha wakipokezana kwa sababu mikono inachoka. Wakija watatu badala ya saba, zulia halitengenezwi siku hiyo. Faini ya wale wanne waliokosa imeingia, ni Sh200. Hiyo Sh200 haiviringishi mkeka.

Kuna pia suala la kujifunza. Huwezi kumwelekeza mtu kwa simu ni wakati gani sufu "imeshika". Anaibana kwa vidole viwili, anaivuta kidogo, na mwenye uzoefu aliye kando yake anamwambia bado au tayari. Wakirgizi wa Asia ya Kati wana mazulia ya felti yanayoitwa shyrdak na ala-kiyiz, kazi ambayo wanawake wa huko hufanya pamoja na wazee huwafundisha vijana. Mwaka 2012 UNESCO iliyaweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na moja ya sababu ni kwamba wengi wanaoijua kazi hiyo walikuwa wamevuka miaka 40. Kazi ya mikono hupotea vijana wanapoacha kukaa karibu na wanaoijua.

Hapa kwetu sufu ipo. Katika nyanda za juu, kuanzia Nyandarua na Molo hadi Laikipia, kuna kondoo wa sufu kama Merino na Corriedale. (Dorper ni wa nyama, usimtegemee kwa felti.) Bei ya sufu ghafi ni ndogo, kwa hiyo faida iko katika kuigeuza kuwa bidhaa. Nanyuki kuna kikundi cha kina mama ambacho kimekuwa kikisokota na kufuma sufu tangu miaka ya 1970, miaka mingi kabla ya pesa za simu kufika Kenya mwaka 2007. Kikundi cha aina hiyo kinasimama kwa sababu watu wanakuja kazini.

Faini ikizoeleka inageuka kuwa bei

Faini ndogo inayolipika kwa urahisi haimrudishi mtu kikundini. Inamwambia kwamba kutokuja kunauzwa, na bei yake ni Sh50. Mtu mwenye haya alikuwa anakuja kwa sababu ya haya. Sasa amelipia haya yake, na moyo wake umetulia.

Wengine watasema, basi pandisheni faini iwe Sh500. Hapana. Hapo mtamfukuza mama ambaye mtoto wake alilazwa, na yule mwenye biashara nzuri mjini atalipa bila kulalamika. Dawa ni kuacha kuchanganya vitu viwili: mchango na kazi. Kila kimoja kiwe na hesabu yake.

Tuseme kikundi kina watu 15. Mmepata oda ya jozi 40 za slipa kwa Sh1,200 kila jozi, jumla Sh48,000. Sufu, sabuni, rangi na kuni zimekula Sh12,000. Mnaweka Sh6,000 kwenye mfuko wa kikundi. Zinabaki Sh30,000 za kugawana.

Mkigawa sawa kwa sawa, kila mtu anapata Sh2,000, awe amekuja au hakuja. Lakini tuseme kazi ilichukua siku sita. Wanane walikuja zote, wanne walikuja siku tatu, watatu hawakuja kabisa. Hayo ni mahudhurio 60. Gawa Sh30,000 kwa 60, kila siku ya kazi ina thamani ya Sh500. Aliyekuja siku zote anapata Sh3,000, aliyekuja nusu anapata Sh1,500, na ambaye hakuja hapati kitu kwenye oda hii. Akiba yake ya kila wiki bado iko pale pale, hakuna anayeigusa. Hajaadhibiwa, na hajalipwa jasho la mwenzake.

Kanuni hii iandikwe kwenye katiba ya kikundi kabla oda haijafika. Mkingoja pesa ziwe mezani, mtagombana.

Pesa za kikundi zisikae kwa laini ya mtu

Sehemu ya pili ya ushauri wetu inahusu simu yenyewe. Vikundi vingi bado vinatuma michango kwa nambari ya kibinafsi ya mweka hazina. Tunajua ni kwa sababu mnamwamini, na pengine anastahili kuaminiwa. Shida haiko kwa tabia yake. Kama ana deni la overdrafti kwenye laini hiyo, mchango wenu unapoingia unakatwa papo hapo kulipa deni lake. Laini ikipotea, pesa zinakwama hadi airudishe. Na Mungu apishe mbali, akifariki, mtaenda kuiambia familia iliyo matangani kwamba sehemu ya pesa za marehemu ni zenu.

Fungueni akaunti kwa jina la kikundi, yenye nambari yake ya kulipia, na malipo ya kutoka yaidhinishwe na watu zaidi ya mmoja. Mteja wa slipa naye alipe amana yake hapo, nusu kabla sufu haijaoshwa. Mkishazoea, kila mwanachama anaweza kuona stetimenti, na swali la "nani amelipa, nani bado" linajibiwa kabla watu hawajaketi.

Hapo ndipo simu inapowafaa kweli. Saa nzima iliyokuwa ikipotea kuhesabu sarafu na kutafuta chenji inarudi kwenye kazi. Tunataka mtumie huduma yetu ili mkutano uwe na kazi zaidi. Mkiitumia kuufuta mkutano, mtakuwa mmepata faida ndogo na kupoteza kubwa.

Na ambaye kweli hawezi kuja?

Yupo, na asidharauliwe. Kuna aliyeajiriwa Nairobi, kuna anayeuguza mzazi, kuna mwenye mtoto mchanga. Kwanza angalieni siku yenu. Kama mkutano uko siku ya soko, kosa si la wanachama. Pili, kuna kazi inayoweza kwenda nyumbani: kuchambua sufu, kuichana, kushona vifungo kwenye mikoba. Ihesabiwe kwa kilo au kwa kipande na iingie kwenye daftari la kazi. Tatu, ambaye hataweza hata hivyo abaki mwanachama wa akiba, kwa jina hilo hilo, bila kujificha nyuma ya faini.

Kabla ya mkutano ujao

Mwambieni katibu agawe ukurasa mara mbili: upande mmoja mchango, upande wa pili siku za kazi. Mchango ufungwe jioni ya kuamkia mkutano, kwa simu, kwa nambari ya kikundi. Anayepokea ujumbe wa malipo asiamini ujumbe pekee. Aangalie salio la akaunti, kwa sababu matapeli wanajua kuandika ujumbe unaofanana na wa kweli. PIN ibaki kichwani mwa mwenyewe, hata kama anayeiuliza ni mwenyekiti au anadai amepiga kutoka kwetu.

Halafu asubuhi ikifika, simu ziwekwe mbali na maji. Sabuni na skrini havipatani, na siku hiyo kikundi kinahitaji mikono yenu yote miwili.