Mtoto Aujue Mto wa Kwao Kabla ya Mito ya Ng'ambo

Wahenga walinena kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure. Methali hii hukaririwa madarasani kila muhula, ikatungiwa insha na kusahihishwa kwa wino mwekundu. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwa wanafunzi wetu wanaopata fursa ya kuijaribu kwa miguu yao wenyewe. Hapa Webuye, mwanafunzi wa sekondari aweza kukuchorea ramani ya mto Rhine na kukutajia bandari zake, ilhali hajapata kusimama ukingoni mwa Nzoia akauliza maji yale yametoka wapi.

Hoja yangu leo ni hii: matembezi ya siku moja ya familia ni sehemu ya elimu, wala si anasa ya wenye nacho. Walimu na wazazi wakishirikiana, yaweza kumfunza mtoto mambo ambayo ubao hauwezi.

Nasema haya kwa kuwa nimeyaona. Likizo iliyopita ya Agosti, mimi na mke wangu tuliwachukua watoto wetu watatu pamoja na babu yao, tukaanzia maporomoko ya Nabuyole. Vijana wengi hawajui kwamba wakoloni waliyaita maporomoko hayo Broderick, na mji wetu nao ukabeba jina hilo. Babu alinyosha fimbo yake kuelekea vilima vya Chetambe, akawaeleza jinsi Wabukusu walivyopambana na majeshi ya Waingereza pale mwaka 1895. Kisha kitinda mimba wetu akauliza, "Kuka, mbona maji haya ni mekundu?"

"Hilo ni shamba letu, mjukuu wangu," mzee akajibu. "Linahama."

Kutoka hapo tulishika njia ya Kitale, tukapita Endebess hadi lango la Chorlim la Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyoanzishwa mwaka 1968. Tukiongozwa na askari wa wanyamapori, tulitembea chini ya miti mikubwa ya podo, mbega wakirukaruka juu yetu. Huko vijito ni vyeupe, hata kokoto za chini zahesabika. Mlima huu, ambao Wabukusu huuita Masaba, ni volkano iliyozimika tangu mamilioni ya miaka. Kileleni pana shimo lenye upana wa kilomita zipatazo 8. Majivu na mawe yaliyotapikwa zamani ndiyo yaliyozaa udongo unaostawisha mahindi ya Trans Nzoia. Ndani ya mawe hayohayo mna chumvi ambayo ndovu huifuata usiku katika pango la Kitum, wakiichimbua kwa pembe zao.

Sisi hatukuingia pangoni. Mwaka 1980, na tena mwaka 1987, watu wawili waliokuwa wamelizuru waliugua homa ya Marburg wakafa, na sayansi imethibitisha kwamba popo wa mapangoni hubeba virusi hivyo. Tulisimama mbali na mdomo wa pango, nami nikawaeleza watoto sababu. Hilo nalo lilikuwa somo la biolojia.

Lakini somo kuu lilikuwa la maji. Mito Koitobos na Kuywa huanzia mlimani humo ikaongeza maji ya Nzoia, ambayo husafiri hadi Ziwa Viktoria, na masika yakizidi hufurika Budalang'i na kuwahamisha watu. Mtoto aliyeona kijito cheupe mlimani na mto mwekundu Nabuyole siku moja hahitaji kuhubiriwa kuhusu mmomonyoko wa udongo. Atajiuliza mwenyewe ni nani aliyelima mpaka ukingoni, na ni nani aliyekata miti.

Najua watakaonipinga. Wako watakaosema kwamba likizo ni ya masomo ya ziada, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliyapiga marufuku. Wengine watalia umaskini, na kilio chao ni cha haki: nauli ni ghali, na hifadhi ina kiingilio. Hao nawajibu kwamba si lazima kuanzia Elgon. Kila kijiji kati ya Kitale na Bungoma kina kijito chake. Kifuateni juu hadi kwenye chemchemi, mkiwashika wadogo mikono, maana mawe ya mtoni huteleza na maji hayana huruma.

Kwenu walimu nina ombi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unamtaka mzazi ashiriki masomo ya mwanawe. Aghalabu ushiriki huo umekuwa wa kununua karatasi za rangi na kulipia picha zinazochapishwa kutoka kwenye intaneti. Badala ya picha ya chemchemi, mwagizeni mwanafunzi aizuru chemchemi yenyewe pamoja na mzee wa kwao, aandike jina lake kwa lugha ya mama, na aeleze kama maji yamepungua tangu ujana wa mzee huyo.

Wazee wanaoyajua majina hayo wanatutoka mmoja mmoja, na udongo nao waenda na maji kila masika. Hapana budi watoto wetu wavione vyote viwili kabla havijawa hadithi za vitabuni.